Barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo: mihadhara ya mazingira na usanifu iwafikie wanaojenga

Kwa: Makamu Mkuu wa Chuo
Nakala: Mwenyekiti wa Baraza la Chuo, Naibu Makamu Mkuu wa Chuo, Taaluma, Rasi wa Ndaki, Mratibu wa Mihadhara ya Umma

Yah: Mihadhara ya umma kuhusu uendelevu, mazingira na usanifu

Ndugu Makamu Mkuu wa Chuo,

Tunakusalimu kwa heshima. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni mafundi waashi na maseremala, wabunifu majengo, wakadiriaji majenzi na wajumbe wa serikali za mitaa wa hapa Dar es Salaam. Tunaandika hadharani kwa sababu tumekwisha kuandika kimyakimya. Barua ya kwanza ilipokelewa masijala na kugongwa muhuri. Ya pili nayo ikagongwa muhuri. Hatukupata jibu, hata la mstari mmoja wa kutuambia kwamba zimesomwa. Tulipofuatilia ana kwa ana tuliambiwa jambo linafanyiwa kazi, na tangu siku hiyo misimu miwili ya mihadhara imeanza na kumalizika vilevile ilivyokuwa.

Hatuna ugomvi na mihadhara yenyewe. Mada ni zenyewe: joto la mjini, mafuriko, vifaa vya ujenzi, maji, taka. Wahadhiri ni watu waliobobea. Milango, kwa maandishi, iko wazi kwa kila mtu na hakuna kiingilio. Malalamiko yetu ni kwamba elimu hiyo haitoki nje ya ukumbi. Sehemu kubwa ya nyumba za jiji hili hazijengwi na kampuni zenye michoro iliyopitishwa. Zinajengwa na mwenye kiwanja na fundi wake, wamesimama juu ya msingi asubuhi moja, wakikubaliana dirisha likae wapi na paa litokeze kiasi gani. Uamuzi huo wa nusu saa hudumu miaka 50. Mhadhara wa umma usiomfikia mtu huyo asubuhi hiyo haujafika kwa umma.

Hoja zetu ni hizi.

1. Lugha

Mhadhara unatangazwa kwa Kiswahili na kutolewa kwa Kiingereza. Picha zinazoonyeshwa ukutani zina maandishi ya Kiingereza, na maswali yakiulizwa kwa Kiswahili hujibiwa nusu kwa nusu.

Tunajua utetezi wa kawaida: istilahi hazipo. Zipo. Fundi anayejua jamvi, lenta, kenchi, nondo, ringi, mkanda na plasta hana upungufu wa istilahi, na kila siku anafanya kazi ya hesabu kwa maneno hayo. Pale ambapo neno moja halipo, maelezo yapo. Chukua kile kipimo cha joto kupenya ambacho huandikwa kwa herufi moja kubwa katika kila mhadhara wa majengo. Kwa Kiswahili ni wati ngapi za joto zinapenya mita 1 ya mraba ya ukuta au paa kwa kila nyuzi 1 ambayo upande mmoja umezidi mwingine. Sentensi hiyo ikisemwa mara moja, ukumbi mzima unaweza kulinganisha bati tupu na bati lenye dari chini yake.

Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama zetu. Ikiwa hukumu ya mgogoro wa ardhi, yenye istilahi zake zote, inaandikwa kwa Kiswahili, mhadhara wa kivuli na upepo hauwezi kushindikana.

Kwa mgeni asiyejua Kiswahili, liko la kufanya, nalo lina taratibu zake. Mkalimani apewe maandishi na picha siku 10 kabla. Wawe wakalimani wawili wakipokezana kila baada ya dakika 20 hadi 30, kwa sababu mmoja peke yake huchoka na kuanza kuruka sentensi. Kama hakuna vifaa vya masikioni, na tafsiri inafuata baada ya kila kifungu, muda huongezeka karibu maradufu. Basi mgeni aambiwe mapema kwamba hotuba yake ni ya dakika 25, si 50. Kinachoharibika kila mara ni kumwita mkalimani asubuhi ya siku yenyewe.

2. Mihadhara haina vipimo

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na tunaomba uvumilivu wako tukiieleza kwa kirefu.

Mtu akitoka ukumbini anajua kwamba dunia inapata joto, kwamba saruji inachafua hewa, kwamba tujenge kwa kufuata mazingira. Hajui afanye nini kesho. Mara nyingi mifano ya mgeni hutoka nchi za baridi: nyumba iliyozibwa kila ufa, kioo cha tabaka tatu, ukuta uliojazwa sufi. Huko ni sahihi, maana kazi ya nyumba ni kuzuia joto lisitoke. Pwani yetu kazi ya nyumba ni kuzuia jua lisiingie na kuacha upepo upite. Ushauri wa kuziba ukichukuliwa ulivyo na kupelekwa Mbagala, mwenye nyumba atalala nje.

Tunachokiomba kinafanana na hiki. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Kwa hiyo jua la adhuhuri mwezi Juni huinamia kaskazini kwa nyuzi kama 30 kutoka utosini, na mwezi Desemba huinamia kusini kwa nyuzi kama 17. Kutokana na namba hizo mbili fundi anapata kipimo cha paa. Pima kutoka chini ya ukingo wa paa hadi usawa wa chini wa dirisha. Ikiwa ni mita 1.2, ukingo wa upande wa kaskazini utokeze sentimita 70 na wa kusini sentimita 40 hivi, na jua la adhuhuri halitagusa kioo mwaka mzima. Kosa linalofanyika saiti ni kupima urefu wa dirisha peke yake na kusahau ile nafasi kati ya lenta na ukingo. Nafasi hiyo ikiwa sentimita 40, urefu wa kupimia unakuwa mita 1.6, na upande wa kaskazini unahitaji sentimita 93. Mwenye nyumba aliyejengewa 60 ataweka pazia zito, pazia litazuia upepo, na baada ya mwaka atanunua kiyoyozi.

Upande wa magharibi hesabu hiyo haifai kabisa. Saa kumi na nusu alasiri jua limeshuka kiasi kwamba dirisha la mita 1.2 lingehitaji ukingo wa zaidi ya mita 2. Huko tiba ni veranda, mti, ukuta wa tofali zenye matundu, au kutoweka dirisha kubwa. Baraza la nyumba zetu za zamani lilijua hilo.

Upepo nao una majina, na majina hayo yanatosha kuwa somo. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi kutoka kaskazini-mashariki. Kusi huvuma katikati ya mwaka kutoka kusini na kusini-mashariki. Nyumba ndefu iliyolalia mashariki–magharibi, yenye madirisha kwenye kuta zake ndefu, hupata pepo zote mbili na kukwepa jua baya la jioni. Chumba chenye dirisha kwenye ukuta mmoja tu hakipati upepo hata kama uko nje, kwa kuwa hewa haiingii mahali isipotokea. Halafu kuna dirisha lenyewe. La aluminiamu la kuslaidi, mita 1.5 kwa 1.2, lina eneo la mita 1.8 za mraba lakini hufunguka nusu tu: 0.9. Ukiweka wavu wa mbu, upepo unapungua tena sana. Dirisha la bawaba au la vioo vya kupandana hufunguka karibu lote. Hili ni jambo la kusema kwa mwenye nyumba kabla hajalipa malipo ya awali kwa fundi aluminiamu, na hatujawahi kulisikia likisemwa katika mhadhara hata mmoja.

Kuhusu paa: katika nyumba ya chini isiyo na ghorofa, joto kubwa la mchana huingia kwa juu. Watu wengi sasa wananunua ile karatasi inayong'aa ya kurudisha joto. Inafanya kazi tu ikiwa uso wake unaong'aa unatazamana na nafasi ya hewa, walau sentimita 2 hadi 2.5. Mafundi wengi huibana moja kwa moja kati ya papi na bati, na ikishagusana na bati joto linapita kana kwamba haipo. Hakuna aliyewaambia. Na nafasi iliyo juu ya dari ikizibwa pande zote hugeuka tanuri. Iachiwe matundu yenye wavu chini ya kingo za paa na mengine juu kwenye pembe za ukuta, hewa moto itoke.

Vifaa vya ujenzi vimezungumzwa sana katika mihadhara yenu, hasa tofali za udongo zinazofungamana. Tumesikia sifa zake. Hatujasikia namna zinavyoharibika, na kwa fundi hapo ndipo penye somo. Tofali hizi huharibika kwa sababu tatu. Udongo ukiwa na mfinyanzi mwingi, tofali hupasuka zikikauka. Saruji ikichanganywa na udongo kisha kazi ikachelewa, saruji huanza kushika kabla ya kushindiliwa. Na tofali zikianikwa juani siku ileile, maji hutoka kabla saruji haijafanya kazi yake. Kwa hiyo: chekecha udongo, pima kwa kisanduku cha mbao cha sentimita 60 kwa 4 kwa 4, ukijaza udongo uliolowa na kuuacha ukauke kivulini, kisha upime umesinyaa milimita ngapi. Kadiri unavyosinyaa ndivyo unavyohitaji saruji zaidi, na ukisinyaa mno chagua udongo mwingine au ongeza mchanga. Changanya kinachoweza kuisha mapema tu. Funika tofali na zimwagiliwe kwa siku 7 au zaidi. Onyesho la kisanduku hicho linahitaji meza moja.

Zege vilevile. Mfuko wa kilo 50 kwa maji lita 25, sawa na ndoo moja ya lita 20 na robo yake, hutoa zege lenye nguvu. Vijana wa zamu huongeza ndoo ya pili ili zege liwe jepesi kusambaza, na hapo nguvu yake inashuka vibaya. Mwenye nyumba ambaye ufa umemtisha ananunua saruji nyingi zaidi mara nyingine. Ukitaka kupunguza saruji mjini, anza na ndoo hiyo ya pili. Tena mchanga: ule unaochimbwa kinyemela mitoni, Mbezi, Tegeta na Mpiji, unakula kingo na nguzo za madaraja, na ule wa ufukweni usiooshwa una chumvi inayokula nondo ndani ya zege. Mazingira na uimara wa nyumba hapa ni kitu kimoja, na ni rahisi kumwonyesha mtu kipande cha nondo kilicholiwa kuliko kumwonyesha mchoro wa ulimwengu.

Tungependa pia mihadhara itazame tulichonacho. Soko la Kariakoo lililobuniwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975 lina paa la zege la miamvuli iliyogeuzwa, linaloacha mwanga na hewa viingie huku likikusanya maji ya mvua. Liliungua Julai 2021. Hilo lingetosha kwa mihadhara miwili: mmoja wa namna paa lile lilivyofanya kazi, mwingine wa namna ya kukarabati zege lililopigwa moto. Kadhalika nyumba za mawe za Zanzibar na Lamu. Upana wa vyumba vyake, chini kidogo ya mita 3, uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyojengwa kwa chokaa, nazo huvuta unyevu na kuutoa. Leo zinapakwa plasta ya saruji. Saruji hairuhusu unyevu utoke, chumvi inajikusanya nyuma yake, plasta inavimba na kubanduka pamoja na uso wa jiwe, na mwenye nyumba anaongeza saruji. Mafundi chokaa wanaojua kuloweka na kuivisha chokaa kabla ya kuitumia bado wapo. Waiteni wapande jukwaani.

3. Ukumbi wenyewe

Hapa tutasema kwa ufupi. Mhadhara wa kupunguza matumizi ya umeme hufanyika katika ukumbi wenye kioo kisichofunguka upande wa magharibi, mapazia yameshushwa, taa zote zinawaka saa tisa alasiri, na viyoyozi vimewekwa nyuzi 18 mpaka watu wanavaa makoti. Kiyoyozi cha kawaida cha BTU 24,000 hula zaidi ya wati 2,000 kompresa ikifanya kazi; feni ya dari hula 60 hadi 75. Kiyoyozi kikiwa nyuzi 26 na feni zikizunguka, watu hukaa vizuri. Isitoshe, viyoyozi vile vya ukutani haviingizi hewa mpya, vinazungusha ileile, na watu 200 wakipumua humo kwa saa mbili usingizi wanaousikia hautokani na mhadhiri. Chuo kina ukumbi wa zamani wenye madirisha pande zote mbili na dari ndefu. Tumieni huo.

Chupa za maji za nusu lita ziachwe pia. Watu 200 kwa nusu lita ni lita 100: vyombo vitano vya lita 20 vyenye koki, na kila mtu aambiwe mapema aje na chupa yake.

4. Saa, geti na ngazi

Mhadhara wa Alhamisi saa nane mchana humtaka fundi wa kibarua aache ujira wa siku. Mlipousogeza hadi saa kumi na moja jioni, ulianza saa kumi na mbili kasoro kwa kumsubiri mgeni rasmi, adhana ya Magharibi ikaingia katikati, na waliokwenda kuswali walirudi maswali yamefungwa. Wengine waliondoka kuwahi daladala. Pendekezo letu ni Jumamosi saa kumi alasiri hadi saa kumi na mbili kasoro robo: baada ya Alasiri, kabla ya Magharibi, na baada ya kazi za saiti za nusu siku. Kwa kuwa siku hiyo ni ya ibada kwa Wasabato, kila mhadhara wa nne uwe Jumapili alasiri. Uanze kwa saa iliyotangazwa, mgeni rasmi awe amefika au la.

Kujiandikisha kunafanyika kwenye intaneti, na fomu inakataa barua pepe isiyo ya taasisi. Fundi hana barua pepe ya taasisi. Akija bila uthibitisho, mlinzi anamrudisha. Hatumlaumu mlinzi, hajaambiwa kuna mhadhara wa umma. Tunaomba namba ya kujiandikisha kwa ujumbe wa simu, na karatasi moja getini yenye jina la mhadhara, ukumbi na saa.

Mlango wa ukumbi una ngazi tatu. Ngazi tatu za sentimita 15 ni sentimita 45, na kwa mteremko wa 1 kwa 12 njia ya kiti cha magurudumu inahitaji urefu wa mita 5.4. Iliyopo ina mita 2 hivi. Mtu hawezi kuipanda peke yake, na akisukumwa kiti kinaweza kupinduka kwa nyuma. Shule inayofundisha usanifu inaweza kurekebisha hili kwa kazi ya wiki moja ya wanafunzi na fundi wawili.

5. Mto Msimbazi unazungumzwa bila watu wa Msimbazi

Mto huu unatoka vilima vya Pugu, unapita Vingunguti na Kigogo, unatawanyika Jangwani na kuingia baharini Salenda. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na familia nyingi zilihamishiwa Mabwepande. Kila mvua kubwa ikija barabara ya Jangwani hufungwa. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za kingo. Haya yote wahadhiri wenu wanayajua.

Wasilolijua ni kalavati lipi huziba kwanza, taka zinaingia kwa kichochoro gani, na maji yalifika tofali la ngapi katika nyumba ipi. Mjumbe wa shina analijua. Na ushahidi kwamba ujuzi huo una thamani ya kitaaluma tunao hapahapa: mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015, uliwaweka wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa pamoja, wakitembea na simu na karatasi, na ukatoa ramani za mifereji na maeneo ya mafuriko ambazo jiji halikuwa nazo.

Katika mihadhara ya sasa maswali hupewa dakika 10 za mwisho, na mbili tatu za kwanza huenda kwa wakuu wa safu ya mbele. Mkazi wa Kigogo aliyetoka mbali na picha za nyumba yake kwenye simu anaondoka nazo. Tunaomba dakika 40 za hotuba na dakika 40 za maswali, kipaza sauti kikianzia safu ya nyuma, na kila mhadhara wa mafuriko uwe na mkazi mmoja wa eneo husika mezani, si kama shahidi wa huzuni bali kama mtoa taarifa mwenye muda wake wa dakika 10 na ramani yake.

6. Hakuna kinachobaki

Mhadhara ukiisha unapotea. Wakati mwingine video nzima huwekwa, na video ya saa moja hula bando karibu gigabaiti 1. Sauti peke yake ya saa hiyohiyo, ikirekodiwa kwa kilobiti 32 kwa sekunde, haizidi megabaiti 15, na kwa maneno ya kusemwa ubora huo unatosha. Fundi anaweza kuisikiliza saiti na kumtumia mwenzake. Kipaza sauti kiwe cha kubana kwenye kola ya mhadhiri. Simu ikiwekwa mezani hurekodi mwangwi na feni. Pamoja na sauti, ukurasa mmoja wa Kiswahili, mbele na nyuma, wenye vipimo vya mhadhara huo: mchoro mmoja, namba zake, makosa matatu ya kuepuka. Ubandikwe ofisi za serikali za mitaa na kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, mahali ambapo kila anayejenga hupita.

Tunatarajia majibu ya aina nne, na tungependa kuyajibu mapema ili tusipoteze muda wenu.

Mtasema hakuna fedha. Kubadili saa, kuondoa sharti la barua pepe, kupunguza hotuba na kuweka viyoyozi nyuzi 26 hakugharimu kitu. Fedha ya chupa za maji na ya chakula cha wageni wa mbele inatosha kuchapa kurasa za mhadhara.

Mtasema mafundi wakialikwa hawaji. Walialikwa kwa tangazo la Kiingereza kwenye tovuti, mhadhara ukiwa siku ya kazi. Alikeni kwa tangazo la Kiswahili kupitia wenyeviti wa mitaa, wiki mbili kabla, kisha hesabuni.

Mtasema kiwango cha taaluma kitashuka. Kutafuta kivuli cha dirisha ni trigonometria, na kupima udongo ni maabara. Mhadhiri anayeweza kulieleza jambo lake kwa mtu atakayelijenga ameonyesha kiwango cha juu kuliko anayeweza kulieleza kwa wenzake tu.

Mtasema kuna haki miliki ya mhadhiri. Basi aombwe ridhaa kwa maandishi anapoalikwa, katika barua ileile ya mwaliko. Asiyeridhia sauti yake irekodiwe, walau ukurasa wa vipimo uandikwe.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo:

(a) Kuanzia mhadhara ujao, hotuba iwe kwa Kiswahili au iwe na ukalimani kamili.

(b) Kila mhadhiri atakiwe kuwasilisha ukurasa wa vipimo siku 10 kabla, na usipowasilishwa mhadhara uahirishwe.

(c) Saa, utaratibu wa kujiandikisha na maelekezo ya getini vibadilishwe ndani ya siku 30.

(d) Njia ya kiti cha magurudumu ijengwe upya kabla ya msimu ujao. Wakadiriaji wetu wako tayari kuandaa mchanganuo wa gharama bila malipo.

(e) Katika kila msimu, angalau mihadhara miwili itolewe nje ya chuo: mmoja bonde la Msimbazi kabla ya masika, maana baada ya masika hautakuwa na faida kwa mtu, na mmoja saiti, ukiwa na kisanduku cha udongo, karai na ndoo.

(f) Kamati ya kupanga mihadhara iwe na fundi mmoja na mjumbe mmoja wa mtaa, wenye sauti sawa na wengine.

(g) Rekodi za sauti za misimu miwili iliyopita, pale zilipo, ziwekwe wazi.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 21, likieleza kwa kila kipengele: ndiyo, hapana, au lini. Kipengele kitakachokataliwa kielezwe sababu. Wawakilishi wetu watano watafika ofisini kwako siku ya 22, saa tatu asubuhi, wakiwa na nakala za barua mbili za awali zenye mihuri ya masijala yako, pamoja na rasimu ya ukurasa wa kwanza wa vipimo, ule wa kingo za paa, ili kazi ianze siku hiyohiyo ukiridhia.

Wako katika ujenzi,

Mafundi waashi na maseremala, wabunifu majengo, wakadiriaji majenzi na wajumbe wa serikali za mitaa
Dar es Salaam